Kashata ya ufuta na korosho kutoka jikoni hadi dukani: anza na mzani, stika baadaye

Huku kusini karibu kila ukoo una mtu mmoja anayejua kupika kashata za ufuta. Akizipeleka kazini au kwenye kichenipati zinaisha, watu wanamwambia dada we uza hizi kabisa, na wiki inayofuata keshachapisha stika mia tano zina jina na ua. Naomba sana usianze na stika. Anza na mzani.

Mimi niko Mtwara mjini, napika kashata ya ufuta na korosho iliyoshikwa na asali badala ya sukari nyeupe. Mwanzoni nilikuwa napima kwa kikombe cha chai na kiganja, leo inatoka ngumu kesho inatoka laini, mteja wa Jumatatu anasifia wa Alhamisi analalamika, na mimi sijui kosa liko wapi maana sikuwa nimeandika chochote cha kurudia. Nikanunua mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu na daftari la kaunta buku, na kwangu biashara ilianza siku ile. Mapishi yangu ya kundi moja, yaani mpiko mmoja, ni ufuta kilo moja, korosho vipande nusu kilo, asali nusu kilo, chumvi kijiko kidogo cha chai. Inaingia kilo mbili, inatoka kama kilo moja na gramu mia nane kwa sababu maji yanakauka motoni, na hiyo ndo namba ya kushika, ile inayotoka, sio inayoingia.

Sasa ufuta. Ufuta wa sokoni una mchanga, hata ule mweupe mzuri wa Ruangwa au Nachingwea, maana unakaushwa na kupigwa chini, na mteja akitafuna mchanga mara moja hutamwona tena. Kupeta kwa ungo hakutoshi. Utie kwenye beseni lenye maji mengi, koroga kwa mkono, mchanga unazama chini, ufuta unaochezacheza juu unauhamisha pole pole na chujio la chai kwenda beseni la pili, unarudia mpaka ukipitisha kidole chini ya beseni usisikie kitu kinakwaruza, mimi huwa narudia mara tatu hadi nne. Halafu anika juu ya kitambaa safi, funika na chandarua, ukauke kabisa ndo ukaange bila mafuta, moto mdogo, sufuria zito. Ukianza kurukaruka na kunukia usiondoke hata kama simu inaita, maana kutoka hapo mpaka uungue na uwe mchungu ni dakika chache tu.

Asali ndo inayowashinda wengi. Huku pwani hewa ina unyevunyevu na asali inavuta maji kutoka hewani, kwa hiyo asali isiyoiva vizuri kashata itaanza kulia, yaani kutoa majimaji, ndani ya paketi. Kipimo changu ni kikombe cha maji baridi. Chemsha asali moto mdogo, dondosha tone moja majini. Likisambaa bado. Likikaa chini kama ulimbo na ukilivuta linavutika, bado. Likiganda na ukilikunja linakatika tak, hapo tia ufuta na korosho haraka, geuza, mwaga kwenye sinia uliyopaka mafuta kidogo, sawazisha na chupa, kata ingali ya moto kwa kisu kilichopakwa mafuta. Ikipoa haikatiki, inavunjika vipande vya ajabu na uzito wa paketi unaharibika.

Alafu subiri ipoe. Mwezi wa nne mmoja, masika imekaza, nilipata oda ya paketi 60 kwa duka moja, nikawa na haraka nikafunga zikiwa bado na joto kidogo, ile joto ikageuka matone ya maji ndani ya kifuko, siku ya tano mwenye duka akanipigia nikazichukue zote. Zilikuwa zimeshikamana donge moja. Niliumia sana maana pesa ya korosho ilikuwa ya kukopa. Siku hizi nikikata naziacha chini ya chandarua mpaka nikiweka nyuma ya mkono nisisikie joto lolote, nazifunga siku hiyo hiyo, na mvua ikiwa inanyesha kutwa nzima sipiki kabisa, bora mteja asubiri.

Korosho usinunue zile nzima kubwa nyeupe, hizo ni za kuweka kwenye kopo watu waone. Unahitaji vipande, bei yake iko chini na ladha ni ile ile, hata hivyo utazikata. Nenda kwa akina mama wanaobangua kwa vikundi au kiwanda kidogo kinachotambulika, na fungua mfuko unusie kabla hujatoa hela. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, waliobangua wanajua vidole vinavyokuwa, na kipande kilichoguswa na hayo mafuta kinakuwa na doa la kahawia na kinawasha mdomo, chagua utoe kimoja kimoja. Na tafadhali usishawishike kwenda kijijini kununua korosho ghafi kwa vibaba ubangue mwenyewe, hiyo ni kangomba, inamnyonya mkulima na inakamatisha. Korosho ghafi inauzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika, msimu ukianza kama mwezi wa kumi. Wewe nunua iliyobanguliwa, weka risiti.

Ukitaka kuongeza karanga ili kushusha gharama sawa, ila kuna sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu. Karanga iliyonyauka, yenye ukungu au iliyobadilika rangi itupe, usijidanganye kwamba ukikaanga inaisha, moto wa jikoni hauitoi ile sumu. Hapo sina utani kabisa, watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Haya tuje kwenye hela, na hapa naomba uchukue kalamu. Bei nitakazotaja ni za mfano wa hesabu tu, wewe weka za sokoni kwako siku hiyo. Tuseme ufuta kilo 4,500, korosho vipande nusu kilo 9,000, asali nusu kilo 6,000, moto 2,000, usafiri 2,000, kifuko na stika 150 kila paketi. Kundi moja linatoa paketi 45 za gramu 40, kwa hiyo vifuko ni 6,750. Jumla 30,250. Watu wengi wanaishia hapo wanagawanya wanafurahi. Bado hujajilipa! Umeamka saa kumi na moja, umeosha ufuta, umekaa na mwiko, weka hata 8,000 ya nusu siku, inakuwa 38,250, gawanya kwa 45 ni shilingi 850 kwa paketi. Duka utampa 1,100 na yeye auze 1,500. Ukimpa kwa 900 kwa sababu umeona aibu, basi unamfanyia kazi mwenye duka.

Sasa utasikia watu wa stendi wanasema dada weka ya mia tano ndo inatoka. Ni kweli inatoka. Ila piga hesabu, ukikata gramu 20 unapata paketi 90, malighafi ni ile ile lakini vifuko vimekuwa mara mbili, 13,500, jumla 45,000, gawanya kwa 90 ni shilingi 500 kamili. Unauza mia tano kitu kilichokugharimu mia tano, na mchuuzi hujampa chochote. Nimeona watu wawili watatu wakifa kibiashara kwenye hii paketi ya mia tano huku wanauza sana, kila siku wameisha mzigo na hela haionekani. Kama unataka soko hilo badilisha mapishi yenyewe, korosho kidogo sana, ufuta na karanga nyingi, na itoe kama bidhaa nyingine yenye jina lingine, usiipunguze ile nzuri.

Neno afya nalo tulitumie kwa heshima. Ufuta una madini ya chuma na kalsiamu, korosho ina mafuta mazuri na protini, hiyo sema. Lakini ni chakula chenye nguvu nyingi, paketi ya gramu 40 inapita kalori 200, na asali ni sukari pia mwilini. Usiandike inafaa kwa wenye kisukari wala inaongeza nguvu za kiume wala inatibu chochote. Mama wa mtu atanunua akikuamini. Kwenye lebo weka jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika, namba ya toleo (mpiko upi), mahali unapozalishia na namba ya simu, jinsi ya kuhifadhi, na maandishi yanayoonekana kwamba ina korosho na ufuta kwa sababu kuna watu wana aleji kali. Ikiwa na asali andika asipewe mtoto chini ya mwaka mmoja.

Tarehe ya mwisho usiibuni. Chukua paketi ishirini, nyingine weka kabatini, nyingine mahali penye joto kama dukani karibu na dirisha, kila wiki fungua moja moja kila sehemu, nusa, tafuna, andika. Kinachoharibika kwanza ni mafuta, utasikia harufu kama ya mafuta ya kupikia yaliyokaa. Zile za dirishani zikichacha wiki ya saba, andika wiki tano, maana hujui duka gani litaziweka juani.

Makaratasi kwa kifupi, TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, ni bure, jina la biashara unasajili kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara, leseni halmashauri, kupima afya kwa sababu unashika chakula. Kubwa ni TBS, shirika la viwango, tangu 2019 ndo wenye usajili wa vyakula baada ya kutolewa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na wao wanaangalia bidhaa pamoja na mahali unapopikia. Jiko la familia lenye kuku wanaopita halitakubaliwa, tenga chumba kimoja, sakafu inayosafishika, dari, wavu madirishani, maji ya kunawa. Kabla hujatumia hela kwenye chumba pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo Mtwara na Lindi, wanafundisha usindikaji na vifungashio na wanajua njia ya mjasiriamali mdogo. Mkiwa kikundi kuna ile asilimia 10 ya halmashauri isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ila nendeni mkiwa na daftari lenye hesabu kama hizo za juu. Vifuko nunua vya chakula vinavyofungwa kwa moto na kubandikwa lebo, sio rambo, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019.

Kuuza, mimi nilianza maofisini na vyuoni, wafanyakazi saa nne wana njaa na wamechoka chapati. Mabasi ya Dar ni soko zuri pia, safari ni ndefu na kashata haimwagiki wala hainuki garini, ongea na wachuuzi wa stendi uwape kwa bei ya jumla. Tahadhari ni mali kauli. Maduka karibu yote yatakwambia acha mzigo nikiuza nakulipa. Kwa duka jipya acha paketi kumi tu, andikishaneni kwenye daftari lako na asaini, rudi baada ya siku saba, ulipwe zilizotoka ndo uache nyingine kumi. Ukikuta saba zimebaki usikasirike, muulize waliozishika wakazirudisha walisema nini. Mmoja aliniambia wateja hawakujua ndani kuna nini kwa sababu stika yangu ilikuwa imefunika kifuko chote, nikaikata nusu ili korosho zionekane, na mzigo uliofuata aliuongeza mwenyewe ukawa ishirini.