Kardoni: Kichwa Kikikauka, Shina Bado Bichi

Wanaolima kardoni (Cynara cardunculus), ule mbigili wa tungamotaka (mimea inayochomwa kupata nishati) wa nchi za Mediterania, wanarudia kosa moja kila kiangazi. Vichwa vikigeuka kahawia, mashine inaingia shambani. Kichwa hukauka kabla ya shina, na shina la mita mbili ndilo lenye uzito. Lipasue kiganja kimoja juu ya ardhi: ukikuta moyo wake bado laini na unalowesha kidole, mashine irudi bandani.

Mmea unapokauka wenyewe, sehemu ya virutubisho vya majani na shina hushuka mizizini, na akiba hiyo ndiyo inayochipusha shamba msimu unaofuata. Ukikata mbichi, unaiuza pamoja na robota. Mwaka wa pili na wa tatu machipukizi yanadhoofika, unalazimika kununua mbolea, na zao lililosifiwa kwa kutotaka pembejeo nyingi linaanza kudai. Shamba ambalo lingevunwa miaka 10 na zaidi linachoka mapema. Marobota yenyewe yanapata joto ndani na kuota ukungu. Majani mabichi pia yana potasiamu na klorini nyingi zaidi. Majivu yake huyeyuka na kugandamana ndani ya boila, na mnunuzi hatasahau.

Kwa hiyo pima. Kukisia kwa jicho ndiko kulikotufikisha hapa. Umande ukishakauka, kata mashina matano sehemu mbalimbali, si pembeni mwa shamba tu. Yakatekate yote, kuanzia chini hadi kichwani, uchanganye, upime gramu 1,000 kamili. Kausha kwenye tanuri la nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24, pima, rudisha saa mbili, pima tena. Uzito usipobadilika, umemaliza. Zikibaki gramu 850, unyevu ni 15%, na hapo ndipo unaanza kufunga marobota. Zikibaki 700, subiri. Gawanya maji yaliyopotea kwa uzito wa mwanzo, si kwa uzito mkavu! Na anayepima vichwa peke yake anajidanganya, maana atapata jibu alilolitaka.

Ukishafika 15%, usilale. Vichwa vikifunguka kabisa, upepo hupeperusha mbegu, na takriban robo ya uzito wa mbegu hizo ni mafuta.

Kisu kikae sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Chini ya hapo kinakokota udongo. Udongo huongeza majivu na kula makali ya visu.

Mvua za vuli zikianza, machipukizi manene kwenye shingo ya mzizi yatakuonyesha kama ulisubiri vya kutosha.

Siku ya kuvuna, shamba lililokauka hadi 15% hushika moto kwa cheche moja ya kisu kilichogonga jiwe. Safisha makapi kwenye injini kila unapopumzika, na kizimamoto kiwe juu ya trekta, si nyumbani.