Kabla ya kununua pawa saplai ya kompyuta ya zamani

Ukiingia duka la vifaa vya kompyuta na kusema unataka pawa saplai, lile boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa wa kutumiwa na kompyuta, swali la kwanza utakaloulizwa ni "ya wati ngapi?" Kwa kompyuta nyingi za zamani hilo ndilo swali lenye uzito mdogo kuliko yote. Pawa saplai ya wati 500 haikufai kitu ikiwa haiingii kwenye kasha, au ikiwa konekta yake ina pini 24 na mazabodi yako (ubao mkuu wa ndani) ina tundu la pini 8. Fungua kasha kwanza, toa ile mbovu, umbo lake na konekta zake ndivyo vikuongoze. Wati zije baadaye.

Nitatumia sana mfano wa kompyuta za ofisi za Dell OptiPlex, kwa kuwa ndizo zilizojaa kwenye stesheneri, shule na ofisi ndogo huku kwetu. Zimemaliza muda wake kwenye maofisi ya Ulaya, zikaletwa kama mtumba, na nyingi bado zinachapa kazi. Kinachoanza kuzisumbua mara nyingi ni hii hii pawa saplai.

Lakini hakikisha kwanza kwamba kweli ndiyo iliyokufa. Kompyuta kutowaka si ushahidi tosha. Jaribu soketi nyingine ya ukutani, jaribu waya mwingine wa umeme, na kumbuka kwamba plagi ya pini tatu bapa tunayoitumia Tanzania, Kenya na Uganda ina fyuzi ndani yake. Fyuzi ya bei ya soda imeshawapeleka watu wengi kwa fundi bure. Kama feni zinazunguka ila kioo hakionyeshi kitu, chomoa RAM (vile vibao vya kumbukumbu), isafishe na uirudishe kabla ya kufikiria umeme.

OptiPlex kama 790, 7010 na 3020 zina kitufe kidogo nyuma, kwenye pawa saplai yenyewe, pembeni mwa tundu la waya wa umeme. Ukikibonyeza huku umeme umechomekwa, taa ndogo ya kijani inatakiwa kuwaka. Isipowaka, zima, chomoa konekta zote zinazotoka kwenye pawa saplai kwenda ndani, kisha bonyeza tena. Ikiwaka sasa, pawa saplai huenda ni nzima, na kilichoko ndani, mazabodi au diski, ndicho kinachoikaba. Isipowaka hata hapo, umeshapata jibu.

Kwa pawa saplai za kawaida zenye pini 24, mafundi huunganisha waya wa kijani na mmoja wa waya nyeusi kwa kipande cha waya, ikiwa imechomolewa kabisa kwenye mazabodi. Feni ikizunguka ujue ina uhai, si kwamba ni nzima. Uzima unausoma kwa multimita, kile kipimo cha umeme: waya wa njano utoe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa machungwa kati ya takriban 3.14 na 3.47. Zambarau, ambao ni umeme wa kusubiri, yaani unaokuwepo hata kompyuta ikiwa imezimwa, unatakiwa kutoa volti 5 hata kabla hujaunganisha chochote. Na ukiwa ndani ya kasha, angalia kapasita za mazabodi, yale makopo madogo ya mviringo. Mazabodi za kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 hadi karibu 2007 zilikumbwa sana na kapasita mbovu. Ukiona vichwa vimevimba au vimetoa ute wa kahawia, pawa saplai mpya haitaiponya mashine hiyo.

Sasa umbo. Pawa saplai ya ATX, mfumo uliotolewa na Intel mwaka 1995, ina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86, na kina chake huanzia kama 140 kwenda juu. Hiyo ndiyo inayokaa kwenye makasha makubwa ya kusimama. TFX ni ndefu na nyembamba, milimita 85 kwa 65 kwa 175, na SFX ni fupi, 125 kwa 63.5 kwa 100. Makasha madogo ya maofisini mara nyingi hayafuati hata moja kati ya hizi: kampuni imejichongea umbo lake, na hapo hakuna mbadala wa dukani, ni kutafuta ileile ya modeli ileile. OptiPlex 3020 ndogo ni mfano mzuri. Pawa saplai yake ya wati 255 ina umbo lake lenyewe, wakati ndugu yake ya kasha la kusimama inaweza kubeba umbo la ATX la kawaida. Kwa hiyo pima kwa rula pande zote tatu, angalia matundu ya skrubu yamekaa wapi, na tazama feni inapuliza upande gani.

Konekta ndipo fedha za watu zinapopotelea. Kompyuta za ATX za mwanzo zilikuwa na konekta kuu ya pini 20. Mwaka 2003 ikaongezeka kuwa 24. Pawa saplai nyingi za leo zina konekta ya 20 na kipande cha pini 4 kinachotengana, kwa hiyo zinaingia kote. Tangu enzi za prosesa za Pentium 4 kuna pia konekta ya pini 4 za mraba inayolisha prosesa peke yake. Ukiisahau hiyo, feni zitazunguka na kompyuta haitawaka, na utadhani umeuziwa kifaa kibovu. Kwenye pawa saplai mpya huwa ni pini 8 zinazogawanyika mara mbili, chukua nusu. Usiichanganye na ile ya pini 8 ya kadi ya grafiki. Zinafanana, lakini mahali penye volti 12 kwenye moja ni hasi kwenye nyingine.

Kisha kuna mashine zilizojitenga na kawaida. OptiPlex 7010 ya kusimama inatumia pini 24, haina shida. Ukipanda hadi 3020, 7020 na 9020, konekta kuu imekuwa ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 na ProDesk 600 G1 zina pini 6. Lenovo ThinkCentre nyingi za miaka hiyo zina pini 14 au 10. Wazo lao linaeleweka: pawa saplai itoe volti 12 zaidi, na mazabodi ijitengenezee 5 na 3.3 yenyewe. Ndiyo maana kwenye mashine hizo waya wa kulisha diski mara nyingi unatokea kwenye mazabodi, si kwenye pawa saplai. Usishangae kuona pawa saplai ya asili haina waya wa SATA, ule wa kulisha diski, hata mmoja, na usiutupe ule waya mwembamba unaotoka ubaoni.

Adapta za kutoka pini 24 kwenda 8, 6, 14 au 10 zipo, na zinafanya kazi, kwa masharti mawili. Ya kwanza, adapta iwe ya kampuni na modeli yako, kwani pini 8 za huyu si pini 8 za yule. Ya pili, baadhi ya mazabodi zinataka umeme wa kusubiri wa volti 12 badala ya 5, na adapta zake huwa na kibao kidogo cha kielektroniki katikati cha kupandisha. Fundi akikuambia atakuunganishia waya kwa waya, muulize kama anajua mazabodi yako inasubiri kwa volti ngapi. Akisita, ondoka na kompyuta yako.

Mtego mbaya kuliko yote uko kwenye Dell za mwisho wa miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000. Konekta yake ni ileile ya ATX kwa sura, inaingia bila kulazimishwa, lakini waya zimepangwa vingine. Ukichomeka ATX ya kawaida unaunguza mazabodi au pawa saplai, wakati mwingine vyote. Kama una mashine ya umri huo, linganisha rangi za waya, pini kwa pini, na mchoro wa ATX kabla ya kuwasha.

Mashine za zamani zaidi, zenye prosesa za Pentium III na Athlon za mwanzo, zina tatizo jingine. Prosesa zake zilikuwa zikivuta umeme wake kwenye volti 5, wakati pawa saplai za sasa zimehamishia nguvu karibu yote kwenye volti 12. Kwa mashine hizo wati 600 za kisasa zinaweza kuzidiwa na wati 250 za zamani. Soma lebo mstari wa +5V. Ukikuta ampea 15 tu kwa Athlon ya enzi hizo, endelea kutafuta. Na kama kuna kadi za ISA, zile za nyongeza za mfumo wa zamani, huenda mojawapo inahitaji volti hasi 5, ambazo pawa saplai za leo hazina tena.

Sasa ndipo tufike kwenye wati, na hata hapa usisome ile namba kubwa iliyochapwa pembeni. Soma ampea za +12V, uzizidishe kwa 12. Boksi limeandikwa 500W, lebo inasema +12V ni ampea 14: hizo ni wati 168 za kulisha prosesa, kadi ya grafiki na mota za diski. Biashara ya pawa saplai feki inaishi kwenye pengo hilo. Upande wa mahitaji, kompyuta ya ofisi haili sana. Prosesa ya Core i5-3470 imewekewa kiwango cha wati 77, diski kubwa inapoanza kuzunguka huvuta kama ampea 2 za volti 12 kwa sekunde chache kisha hutulia, RAM na feni ni wati chache. Ndiyo sababu Dell waliipa 7010 ya kusimama wati 275 na ikatosha. Ukiongeza kadi ya grafiki isiyo na waya wake wa umeme, inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75 kupitia sloti, tundu lake kwenye mazabodi. Yenye konekta ya pini 6 huongeza 75 nyingine, na hapo ndipo wati 400 za kweli zinaanza kuwa na maana.

Kuna swichi nyekundu nyuma ya baadhi ya pawa saplai za zamani: 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya. Mashine iliyotoka Marekani, labda zawadi ya ndugu, inaweza kuwa imewekwa 115, na ukiichomeka hivyo itapiga kishindo na kutoa moshi kabla hujabonyeza chochote. Nyingine hazina swichi, lebo inasema 100-240V, hizo chomeka tu. Kama unatumia UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, fahamu kwamba pawa saplai zenye PFC hai (saketi inayorekebisha namna zinavyovuta umeme) wakati mwingine huzimika UPS ya bei nafuu inapochukua kazi, kwa sababu ya wimbi lake la umeme la ngazi ngazi. Jaribu siku ya kwanza: chomoa UPS ukutani huku kompyuta inawaka, uone.

Mpya au mtumba? Maoni yangu: kwa Dell, HP na Lenovo za ofisi, ya mtumba ya asili, iliyotolewa kwenye mashine ya modeli ileile, ni bora kuliko mpya isiyo na jina. Ibebe mkononi, inuse, tikisa usikie kama kuna kitu kimelegea, zungusha feni kwa kidole. Chungulia kapasita kupitia matundu ya hewa lakini usiifungue. Kapasita kubwa ya ndani hubeba zaidi ya volti 300 na haziishi mara tu unapochomoa waya. Ukikuta wauzaji wanataka bei inayokaribia kompyuta nzima ya mtumba, nunua hiyo kompyuta iliyokufa mazabodi, utapata na diski na RAM za akiba.

Kuhusu vipande vidogo: hesabu diski zako na uone kama waya za SATA zinatosha. Adapta ya kutoka Molex, ile konekta ya zamani ya pini 4 kubwa, kwenda SATA ikubalike ile ambayo waya zake zimebanwa kwa klipu na unaweza kuziona zinavyoingia. Zile ambazo plastiki imemwagwa juu ya waya zina sifa mbaya ya kuyeyuka na kuwaka moto. Na pawa saplai zenye waya za kuchomoa haziazimani waya, hata kama konekta zinaingia. Upande wa boksi kila kampuni hupanga pini zake inavyotaka.

Siku ya kwenda dukani, ichukue ile mbovu mkononi. Ukishindwa, piga picha lebo yote isomeke, kila konekta kwa karibu upande wa pini, tundu la mazabodi, na jina la modeli kwenye kasha. Kwa Dell chukua pia namba ya kipande, ile inayoanza na DP/N kwenye lebo, kwa sababu muuzaji akiitafuta hiyo hakosei kama anavyokosea akitafuta "pawa ya OptiPlex". Kubaliana naye kabla hujalipa kwamba ikigoma utairudisha ndani ya siku ngapi, na aandike hilo kwenye risiti.