SOMO: Pa kuchajia simu na laptop ukisafiri kwa ndege

Wakuu, somo hili limezaliwa na aibu. Nilikuwa nabadilisha ndege, simu ina asilimia 4, na pasi ya kupandia iko humohumo kwenye simu. Nikazunguka ukumbi mzima, kila soketi ina mtu kaikumbatia. Ilizima nikiwa wa tatu kwenye foleni, ikabidi nirudi kaunta nikaombe karatasi. Tangu siku hiyo nafanya hivi.

Hatua ya 1: kabla hujatoka. Soma yale maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja. Ukiona 100-240V, unahitaji adapta ya umbo la plagi tu. Ikiwa ni 110V peke yake, usithubutu kuichomeka kwenye umeme wa 230V, utanusa moshi. Pawabenki iwe begi la mkononi, kamwe isiende tumboni mwa ndege.

Hatua ya 2: ukishapita ukaguzi. Chaji mapema, hata kama bado una asilimia 60. Wengi tunakwenda kujazana kwenye geti letu, soketi chache na abiria tele. Nenda geti la jirani ambalo ndege yake imeshaondoka. Halafu macho yaangalie chini: kwenye nguzo, chini ya safu za viti, ukutani usawa wa goti ambako watu wa usafi huchomeka mashine zao. Chomeka, ngoja alama ya chaji itokee, ndipo ukae. Soketi za viwanjani zimechoka. Chaja nzito hulegea taratibu na kuachia, nawe unasinzia ukijua inajaa. Mimi huegemeza begi chini ya chaja. Nabeba pia ekstensheni fupi ya matundu matatu. Nikikuta pamejaa, naomba tuchangie, na sijawahi kukataliwa.

Hatua ya 3: ndani ya ndege. Soketi ikiwepo, mara nyingi imejificha katikati ya viti viwili, chini, ipapase. USB ya kwenye skrini ni dhaifu, huku unatazama filamu chaji haipandi. Laptop inayokula umeme mwingi inaweza kuifanya soketi ijizime. Izime laptop kwanza, kisha uichaji. Ndege ndogo nyingi hazina kitu, usizitegemee.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, pawabenki yangu ni ya 20,000 mAh. Wataninyang'anya?
Kwa ukubwa huo, hapana. Gawa kwa 1,000, zidisha kwa 3.7: unapata Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Kikomo cha kawaida ni Wh 100. Kati ya 100 na 160 omba ruhusa ya shirika la ndege. Ila kama maandishi yamefutika, mkaguzi anaweza kuikataa, na hapo huna la kubishana.

Naweza kuitumia pawabenki angani?
Uliza shirika lako, maana sheria zinakazwa. Emirates walipiga marufuku kuitumia ndani ya ndege kuanzia Oktoba 1, 2025. Kubeba unaruhusiwa moja. Korea Kusini, baada ya ndege ya Air Busan kuungua ikiwa bado ardhini Januari 2025, walikataza kuiweka kwenye kabati la juu. Kaa nayo karibu, uione ikianza kuvimba au kuwa ya moto.

Eti USB za uwanjani zinaiba data?
Kiufundi inawezekana, kwa sababu waya uleule unapitisha umeme na data. Dawa ni kutumia kichwa cha chaja yako mwenyewe kwenye soketi ya ukutani. Ukilazimika kutumia USB, simu ikiuliza kama unaiamini hiyo mashine, kataa. Chaji itaingia tu.

Na simu ikidumbukia kwenye uwazi wa kiti ikiwa inachaji?
Chomoa waya, usisogeze wala kulaza kiti. Betri ikibanwa na vyuma vya kiti inaweza kuwaka. Bonyeza kengele, mhudumu aje aitoe.