Msamiati wa jiografia kwa Kiingereza: darasa lianzie pwani

Kijana wa Kojani au Nungwi, visiwani Zanzibar, anapoingia Kidato cha Kwanza huwa tayari anazijua siku za bamvua na za maji mafu, anajua kusi ikichachamaa vyombo vidogo havitoki, na anajua hori gani hukauka maji yakipwa. Kisha anakutana na "spring tide" na "monsoon" kitabuni, anayanakili maneno hayo pamoja na maana ndefu ya Kiingereza, na wiki inayofuata hakumbuki kitu. Jiografia anayo. Kinachokosekana ni majina, na namna ya kuyatumia katika sentensi. Kwa hivyo mwalimu asianze na maana ya neno, aanze na kitu ambacho mwanafunzi anakijua, kisha akipe jina.

Kwa kipindi cha dakika 40 maneno manane yanatosha. Orodha ya maneno thelathini ubaoni hunakiliwa tu, haisomwi. Lakini uchaguzi wa hayo manane una uzito kuliko idadi yake. Kosa lililozoeleka ni kufundisha siku moja maneno mapya yanayofanana: "latitude" na "longitude", "bay" na "gulf", "weathering" na "erosion". Mwanafunzi akiyapata kwa pamoja huyachanganya kwa miaka. Fundisha "latitude" kwanza, iache ikae wiki nzima, darasa liipime kwenye ramani bila kusitasita, ndipo ulete mwenzake. Maneno ya siku moja yawe yale yanayoishi pamoja pahala pamoja: "reef", "lagoon", "beach", "seaweed", "low tide". Kwa Paje au Jambiani sentensi moja inayabeba yote: "At low tide, women harvest seaweed in the lagoon between the beach and the reef." Mwanafunzi aliyeishika sentensi hiyo ameshika maneno matano pamoja na mpangilio wake.

Kwa maumbo ya nchi, beseni la mchanga lina faida kuliko picha ya kitabuni, kwa sababu picha haibadiliki na bahari inabadilika. Tafuta beseni pana, kama sentimita 50 hivi, na mchanga wa kujaza thuluthi yake. Uloweshe kidogo ili ushikane. Utengeneze upande mmoja uwe nchi kavu, kisha utoe ulimi wa mchanga unaoingia katikati, wenye shingo nyembamba na ya chini kuliko kichwa chake. Weka vijiti vyenye majani kuwa mikoko na vipande vya matumbawe kuwa mwamba. Mimina maji polepole pembeni mwa beseni, kikombe kimoja kimoja. Ukimimina juu ya mchanga, umbo lote linabomoka na kipindi kinakwisha kwa kutengeneza upya.

Maji yakiwa chini, darasa liseme: "This is a peninsula. It is joined to the mainland." Ongeza maji mpaka shingo ifunikwe: "The tide is rising. Now it is an island." Yapunguze kwa kikombe, waseme tena. Hapo ndipo wa Unguja Kusini watakapoitaja Uzi, ambako kwa miaka mingi njia ya kuvukia kwenye mikoko imekuwa ikifunikwa na maji yakijaa. Waache waieleze kwa Kiswahili kwanza, wabishane kama Uzi ni "island" au la, kisha wasaidie kuisema hoja hiyo hiyo kwa Kiingereza. Ubishi wa namna hii hukaza neno kuliko kulirudia mara kumi kwa pamoja. Majina yaandikwe kwenye vikaratasi vilivyobandikwa juu ya chelewa za fagio, na wanafunzi wayachomeke wenyewe. Darasa likiwa na watu sitini, gawa mabeseni manne au matano, wengine wasibaki kuchungulia migongo.

Baada ya beseni, ramani. Fungua mifuko miwili mitupu ya saruji, ipanguse vumbi, uiunganishe kwa gundi. Kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 2 kinafaa: Unguja, yenye urefu wa takriban kilomita 85, inakuwa kama sentimita 42, Pemba, takriban kilomita 67, inakuwa 33 hivi, na nafasi ya bahari kati yao, kama kilomita 50, ni sentimita 25. Wanafunzi wapime na wagawe wenyewe, kwani hapo "scale", "distance" na "width" yanakuwa maneno ya kazi. Wakimaliza, waulizane kwa jozi: "What lies west of Chake Chake?" Mwenzake ajibu: "Misali Island lies west of Chake Chake." Usikubali jibu la neno moja la "Misali" peke yake, mtihani utataka sentensi.

Yapo maneno ya Kiswahili yanayobeba maana mbili au tatu, na kila moja ina neno lake kwa Kiingereza. Haya yahitaji muda wake, maana ndiyo yanayozaa makosa mengi. "Bara" ni la kwanza. Kwetu aliyekwenda Dar es Salaam amekwenda Bara, na Afrika nayo ni bara. Mwanafunzi huandika "I went to the continent" akikusudia "the mainland". Chora kisiwa, mstari wa maji na ufukwe wa upande wa pili, uandike "mainland" hapo. Kisha chora Afrika nzima uandike "continent". Neno "mkondo" vivyo hivyo: maji yanayokwenda ni "current", njia ya bahari baina ya nchi mbili ni "channel". "Pwani" huwa "coast" ikiwa ni eneo zima, "beach" ikiwa ni mchanga pale maji yanapofika. Na bamvua, ambayo wanaijua vizuri, huitwa "spring tide" ingawa haina uhusiano wowote na majira ya mwaka ya Ulaya. Huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kila mwezi. Ukiliacha bila kulisema, watalijibu kimakosa.

Pepo na mikondo zina mtego mwingine. Upepo huitwa kwa unakotoka, mkondo huelezwa kwa unakokwenda. Kusi ni "south-east monsoon" kwa sababu hutoka kusini mashariki, na wakati huo huo mkondo wa bahari unaopita pwani yetu ni "northward current" kwa sababu unaelekea kaskazini. Vyote viwili vinasukuma upande mmoja, majina yanaonekana kupingana. Chora mishale miwili sambamba ubaoni, andika jina la upepo kwenye mkia wa mshale wake na jina la mkondo kwenye ncha ya wake.

Kwa upande wa sarufi, mambo mawili tu yanahitaji kukazaniwa mapema. Neno "the" hutangulia bahari, mikondo ya bahari, mito na mafunguvisiwa: "the Indian Ocean", "the Pemba Channel", "the Zanzibar Archipelago". Halitangulii kisiwa kimoja wala ghuba ambayo jina lake linaishia na "Bay": "Pemba", "Tumbatu", "Chwaka Bay". La pili ni vihusishi vya pahala. Kiswahili kinasema kisiwani, pwani, baharini. Kiingereza kinasema "on the island", "on the coast", "in the sea". Vifundishe pamoja na nomino, kama neno moja, wanafunzi wasije kuchagua kwa kubahatisha.

Matamshi: vijana wa visiwani wana bahati ya sauti mbili zinazowashinda wanafunzi wa nchi nyingi. Th ya "north", "south" na "earth" ni th ya neno thamani. Ya "the" na "northern" ni dh ya dhahabu. Waambie hivyo tu, watazitoa. "Island" isomwe ailand, na ch ya "archipelago" ni k. Irabu ya "beach" na "reef" ivutwe. Ya "beach" ikikatwa inageuka tusi, na darasa likicheka siku hiyo halirudi kwenye somo. Hakuna ubaya kuandika matamshi kwa tahajia ya Kiswahili ubaoni, alimradi uyafute kabla hawajanakili.

Marudio yapangwe: siku inayofuata dakika tano, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ficha vikaratasi vya beseni, onesha umbo, waandike jina na sentensi moja. Neno ambalo nusu ya darasa imelikosa lirudi kwenye manane ya kipindi kijacho. Kwa kazi ya nyumbani, wa kijiji cha pwani waandike kwa wiki mbili saa ambayo maji yamejaa kabisa mchana: wataona inasogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na wakiitolea ripoti watahitaji "high tide", "rise", "fall", "full moon" na "neap tide" (maji mafu) bila kulazimishwa.

Maneno ya vitu ambavyo havipo visiwani, kama "glacier", "crater" na "desert", yaje mwisho, yakishikizwa kwenye pahala halisi. Picha moja ya Kilimanjaro, mita 5,895, inatosha kwa "summit", "slope", "crater" na "glacier". Kwa "active volcano" tumia Ol Doinyo Lengai. Jangwa lilinganishwe na kile wanachokijua: waandike mvua ya masika na ya vuli upande mmoja, Sahara upande wa pili, wakitumia "more than" na "less than".