Karagenani ya kapa: kuitoa kwenye mwani na kuitumia kwenye maziwa

Kakao ikituama chini ya chupa ya maziwa, kutikisa hakusaidii. Baada ya muda itashuka tena. Dawa yake ni karagenani, ute unaopatikana kwenye mwani mwekundu, na gramu chache zinatosha debe zima. Mwongozo huu ni wa watengenezaji wadogo wa maziwa na jeli hapa Uganda. Tangu mwanzo shika jambo moja: potasiamu. Ndiyo inayouzuia ute usiyeyuke wakati mwani unapikwa, na ndiyo hiyohiyo inayougandisha kwenye kikombe. Makosa mengi huanzia hapo.

1. Kuchagua mwani

Mwani huu ni wa baharini, Ziwa Victoria halina. Hutufikia ukiwa mkavu kutoka Zanzibar au pwani ya Kenya upande wa Kwale. Unaolimwa kwa wingi Zanzibar ni spinosamu, wenye vijiba kama miiba vinavyozunguka matawi. Huo hutoa karagenani ya iota, ambayo hugandishwa na kalisi na kufanya jeli laini inayonepa. Wewe tafuta kotoni, wenye matawi manene yasiyo na pete za miiba. Huo ndio wenye kapa, aina ya karagenani inayogandishwa na potasiamu. Nunua ukiwa mzima, maana ukishasagwa huwezi kuutofautisha kwa macho.

Kotoni iliyokaushwa vizuri hubaki na unyevu wa karibu asilimia 35: hupinda kama mpira, haivunjiki, na ina chembe nyeupe za chumvi juu yake. Chumvi hiyo si kasoro. Unaonuka uozo au unaoteleza mkononi urudishe.

2. Kuosha

Osha kilo 1 kwa maji baridi mara mbili, ukitoa mchanga, makombe na nyuzi za kamba za shambani. Kata vipande vya sentimita 3. Usiuloweke usiku kucha: chumvi ikiondoka yote, mwani huvimba na kulegea kabla hujaanza kazi.

3. Kupika kwenye alkali

Tumia hidroksidi ya potasiamu ya daraja la chakula, kwa kiwango cha asilimia 8. Kwa kilo 10 za mchanganyiko unahitaji gramu 800 safi. Kama magamba uliyonunua yana usafi wa asilimia 90, pima gramu 890 na lita 9.1 za maji. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Mimina magamba kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimimine maji juu ya magamba, kwa sababu hupata moto ghafla na kuruka.

Sufuria iwe ya stenlesi. Zile za aluminiamu zilizojaa masokoni hazifai hata kidogo: alkali huzila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto.

Pasha hadi nyuzi 75 za Selsiasi, tia mwani, ushikilie joto hilo kwa saa 2 ukigeuza taratibu. Hapo alkali inaondoa sehemu ya salfeti kwenye mnyororo wa sukari wa mwani, na mnyororo unajikunja katika umbo linaloshikana vizuri. Ndiyo maana mwani usiopikwa kwenye alkali hutoa jeli dhaifu.

Kosa kubwa kuliko yote ni kutumia kostiki ya watengeneza sabuni kwa kuwa ni rahisi kuipata. Ile ni ya sodiamu. Sodiamu haiushikilii ute ndani ya mwani, na kabla saa ya kwanza haijaisha utakuwa na uji usiochujika. Kuchemsha kupita kiasi pia huleta hasara ya namna hiyo, hata ukiwa na alkali sahihi.

4. Kusuuza, kukausha, kusaga

Chuja, kisha suuza kwa maji baridi mara nne au tano hadi karatasi ya kupimia pH ionyeshe 8 hadi 9. Maji ya moto yatauyeyusha ute. Alkali iliyobaki usiimwage mtaroni. Inatumika tena ukiiongezea nguvu.

Anika kwenye wavu ulioinuliwa juu ya ardhi, au tumia kikaushio cha nyuzi 60, hadi vipande vivunjike kwa sauti. Saga uwe unga laini. Utapata karibu theluthi moja ya uzito ulioanza nao. Unga huu bado una nyuzinyuzi za mwani, hivyo jeli yake ya maji huwa na ukungu. Kwenye maziwa hilo halionekani. Ukikusudia kuuza, peleka sampuli maabara ipimwe metali nzito na vijidudu, na ufuate viwango vya UNBS, shirika la viwango la Uganda.

5. Kupima nguvu

Changanya gramu 15 za unga na gramu 2 za kloridi ya potasiamu, nyunyizia kwenye gramu 983 za maji baridi, pasha hadi nyuzi 85 kwa dakika 10. Kampala maji huchemka karibu nyuzi 96 kwa sababu ya mwinuko, lakini kapa haihitaji zaidi ya hapo. Acha ipoe usiku kucha. Jeli nzuri husimama wima ukiipindua na hukatika kwa ukali. Ikinepa, ulipewa spinosamu.

6. Maziwa ya kakao, lita 20

Pima maziwa kwanza kwa laktomita, kifaa kinachoonyesha uzito wa maziwa kulinganisha na maji. Yakiwa chini ya 1.028, huenda yametiwa maji, na kapa haitapata protini ya kutosha kushikana nayo. Nguvu yake kwenye maziwa inatokana na kasini, protini ya maziwa. Ndiyo sababu kiasi kidogo namna hii kinafanya kazi.

Changanya vikavu: unga gramu 6, sukari kilo 1.2, kakao gramu 250. Usiache sukari nje ya mchanganyiko huu. Ndiyo inayotenganisha chembe za unga zisifanye madonge. Nyunyiza kwenye maziwa baridi ukikoroga kwa nguvu, pasha hadi nyuzi 85 kwa dakika 10, kisha poza haraka hadi chini ya 10 ukikoroga polepole.

Kakao ikituama, ongeza gramu 1. Maziwa yakiwa na mabonge kama maini, umezidisha, au yaligandia yakiwa yametulia.

7. Jeli ya pasheni

Hapa jihadhari na asidi. Kapa ikipashwa moto pamoja na juisi yenye pH chini ya 4, minyororo hukatika na jeli haitasimama. Pika unga gramu 8, sukari na kloridi ya potasiamu gramu 1 katika mililita 800 za maji. Epua, subiri ishuke hadi nyuzi 70, ndipo utie mililita 200 za juisi iliyopashwa kidogo. Juisi ya kutoka kwenye friji itaugandisha ute papo hapo uwe kamba kamba. Mimina vikombeni mara moja. Jeli hii haiyeyuki kwa joto la mchana kama ya jelatini, na haina kitu cha mnyama ndani yake.