Somo: Monita ya glosi au ya mati kwa kuhariri picha? Someni kabla ya kuuliza

Assalaam aleikum. Kila msimu wa arusi swali hili hunijia upya, na kila anayeuliza hudhani jibu limeandikwa kwenye boksi la monita. Jibu liko chumbani mwako. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Tuelewane kwanza. Glosi ni ile ya kioo laini, ukiizima unajiona sura. Mati imeparuzwa kidogo juu, ukiizima unaona vivuli tu. Watu husema glosi inarudisha mwanga na mati hairudishi. Si kweli, zote zinarudisha. Kwenye glosi dirisha linabaki dirisha. Kwenye mati dirisha linatawanyika, linakuwa ukungu mweupe uliotanda juu ya picha.

Hatua ya 1. Zima monita. Keti unapoketi siku zote, saa ile ile unayofanyia kazi, uitazame. Unachokiona hapo ndicho kitakachokaa juu ya picha zako.

Hatua ya 2. Paneli, yaani skrini yenyewe, ziko za aina nyingi; chukua ya IPS. Aina ya TN hubadilika rangi ukisogeza kichwa, na hakuna uso wa kioo utakaoiokoa.

Hatua ya 3. Mwanga wa chumba. Hapa ndipo kazi za watu zinapoharibika, kwa hivyo nisomeni polepole.

Sisi wa Lamu kuta zetu ni za chokaa, nyeupe, na vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Ukikaa mezani, ukuta mweupe uko karibu na mgongo wako. Sasa tupige hesabu. Chumba kikiwa na mwanga wa lux 300 (lux hupima mwanga unaoangukia kitu), ukuta mweupe hung'aa karibu niti 75 (niti hupima mng'ao wa kitu chenyewe). Kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 ya hizo, yaani niti 3. Monita ya IPS yenye kontrasti ya 1000:1, yaani weupe wake ni mara 1000 ya weusi wake, ukiiweka niti 100, weusi wake ni niti 0.1. Kwa hiyo mwanga wa ukuta umeuzidi weusi wako mara 30, na ile 1000:1 uliyoilipia imebaki kama 33:1.

Kwenye glosi utaliona dirisha, likuudhi, uhame. Mati ndiyo yenye hila, kwa sababu huoni kitu cha kukuudhi. Unaona tu kwamba vivuli vya picha vimepauka, basi unavuta weusi chini, unavuta tena. Usiku ukiifungua picha ile ile, bwana arusi mwenye joho jeusi amekuwa donge la masizi, darizi zote zimepotea. Mnaolalamika kwamba programu "inabadilisha rangi usiku", tatizo ni hili.

Tahadhari:
– Dirisha lisiwe mgongoni mwako wala nyuma ya monita. Liwe ubavuni, na pazia lishushwe.
– Usitoke swala ya Ijumaa ukakaa mbele ya glosi na kanzu nyeupe. Sifanyi mzaha. Kifua chako chote kitaonekana kwenye skrini. Vaa shati la kijivu au jeusi.
– Kununua mati si ruhusa ya kulitazama jua la uwanjani Mkunguni huku ukihariri.

Uamuzi wangu: chumba unachoweza kukitia giza, chukua glosi, weusi ni mzito na nywele zinaonekana moja moja. Chumba usichoutawala mwanga wake, chukua mati na uifanyie kofia, yaani kingo za juu na ubavuni za kuzuia mwanga. Hata Eizo ColorEdge za CG, monita za watu wa kazi hii, ni za mati na huja na kofia yake.

Hatua ya 4. Shusha mwangaza hadi kati ya niti 80 na 120. Ukiiacha kama ilivyotoka dukani, picha zikichapishwa zitatoka za giza, halafu utamgombeza mchapishaji bure.

Hatua ya 5. Pima rangi kwa kifaa: weupe wa 6500K, na gama (jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe) ya 2.2. Jicho si kifaa. Kama bei inakushinda, changeni watu watatu.

Hatua ya 6. Kusafisha. Upepo wa bahari huacha chumvi kwenye skrini, na chumvi ni chembe ngumu. Puliza kwanza, kisha kitambaa laini chenye unyevu wa maji yaliyochujwa. Usisugue kikavu. Usitie dawa ya madirisha yenye amonia: tabaka la mati likichubuka linaacha doa linalong'aa, na halirudi tena.

MASWALI

Kijana wa Langoni: Glosi au mati? Nina haraka.
— Hatua ya 1. Ni dakika moja.

Shela Picha: Nimeshanunua glosi. Huwa nakaa juu darini chini ya makuti, upepo mzuri, lakini sioni kitu mchana.
— Hapo hapahaririwi picha, kwa glosi wala mati. Shuka ndani.
Shela Picha: Si wewe umesema glosi ina weusi mzito?
— Nimesema chumba unachoweza kukitia giza. Dari ya makuti utaitiaje giza, sheikh? Soma tena.

Binti Mkomani: Shukran mwalimu. Mimi hupiga picha za kupamba, sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi arusi, na wenyewe hawataki zionwe na mtu, kwa hivyo nahariri usiku chumba cha ndani, mlango nimefunga, taa moja. Monita ni mati. Ngozi za watu zinaonekana na chengachenga kama mchanga. Ni kamera au ni monita?
— Dada, hili ndilo swali. Kuza picha hadi asilimia 100, uisogeze taratibu. Chenga zikisogea pamoja na picha, ni za kamera. Picha ikisogea na chenga zikabaki pale pale, ni za monita: tabaka zito la mati linatawanya mwanga wa kila nukta. Zikiwa za monita, usilainishe ngozi kwa sababu yake, utawafanya maharusi wawe wa plastiki. Kwa chumba chako ningekushauri glosi. Na hiyo taa iweke nyuma ya monita, imulike ukuta, isikumulike wewe.
Binti Mkomani: Ni za monita! Na albamu zangu nachapisha karatasi ya mati. Glosi haitanidanganya?
— Kila skrini itakudanganya hapo, kwa sababu karatasi ya mati haifiki weusi wa karatasi ya glosi. Mwombe mchapishaji faili ya ICC ya karatasi yake, ile inayoeleza karatasi hiyo inavyotoa rangi, uiwashe kwenye programu kabla ya kutuma. Utaona picha inapauka mbele yako. Hariri kutoka hapo.

Msafiri254: Kuna plastiki ya mati ya kubandika juu ya glosi. Inafaa?
— Kwa simu, sawa. Kwa picha, hapana. Mapovu na chenga pamoja.

Fundi Kofia: Kofia nimejitengenezea kwa plaiwudi, ndani nimebandika kitambaa cha buibui kuukuu. Gharama ndogo.
— Hongera. Wengine angalieni: buibui za siku hizi zina mng'ao. Tafuteni kile kilichofifia.

Malindi Lenzi: Kuna glosi moja nimeiona, taa inayojionyesha juu yake ina rangi ya zambarau. Ni mbovu?
— Hiyo ndiyo nzuri. Ni tabaka kama lile la mbele ya lenzi yako, hupunguza mwanga unaorudi bila kuutawanya. Kama bei unaiweza, chukua.
Malindi Lenzi: Ukitaja lenzi, yangu imeota ukungu ndani. Nimeitia kwenye debe la mchele.
— Itoe leo. Mchele una vumbi. Tafuta boksi lenye mpira mfunikoni na silika jeli za buluu, zile punje zinazofyonza unyevu. Zikigeuka waridi zimeshiba maji, zikaushe kwenye joto la oveni zirudi buluu. Ukungu wenyewe ni kazi ya fundi, usiifungue.