Kuandaa chembe nano za fedha kwa hadubini ya elektroni

Mwanafunzi akiniletea chupa ya chembe nano za fedha (vipande vidogo mno, vinavyopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya milioni ya milimita) hapa Malindi, swali langu la kwanza ni: umetumia maji gani? Maji ya visima vingi vya kwetu yana chumvi, na ya bomba yametiwa klorini. Nitrati ya fedha, chumvi tunayoanzia, ikikutana na kloraidi, huganda ikawa unga mweupe wa kloraidi ya fedha, nao utaonekana kwenye hadubini udhani ndizo chembe zako. Tumia maji yaliyokenekwa tangu kuchemsha majani ya mwarobaini, ambayo utomvu wake ndio hugeuza nitrati kuwa chembe za fedha, hadi suuza ya mwisho, na hata bika uioshe kwa maji hayo hayo.

Mchanganyiko wa nitrati na maji ya majani ukigeuka kutoka manjano hafifu kuwa kahawia, fedha imeanza kuwa chembe. Upime kwa spektrofotomita, kifaa kinachoonyesha ni mwanga wa urefu gani wa wimbi unaonyonywa. Kilele kati ya nanomita 400 na 450 ni dalili njema. Kisipokuwepo, usilipie saa ya hadubini, rudi mezani.

Sasa osha. Utomvu wa majani uliobaki ukipigwa na mwale wa elektroni huungua, na doa jeusi hukua juu ya chembe huku unatazama. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, ongeza maji safi, rudia mara mbili au tatu. Kisha tia chupa kwenye bafu la mawimbi ya sauti dakika chache ili chembe zilizoshikana ziachane.

Hadubini ya kupenyeza, ambayo mwale wake hupita ndani ya sampuli, ndiyo ninayoitaka kwa chembe za nanomita 20 au pungufu. Ile ya kuchanganua uso inafaa zaidi kwa chembe kubwa na maumbo ya nje.

Gridi ni kiduara cha shaba chenye kipenyo cha milimita 3 hivi, kimefunikwa utando mwembamba wa kaboni. Ishike ukingoni kwa kibano chenye ncha kali, upande wa kaboni ukiwa juu. Punguza ukali wa sampuli hadi rangi iwe hafifu kama chai iliyotiwa maji mengi, kisha dondosha maikrolita 3 hadi 5. Subiri dakika moja, halafu gusa ukingo wa tone kwa karatasi ya chujio, nayo itanyonya maji. Usiliache tone likauke lenyewe: maji yakikauka polepole husukuma chembe pembeni na kuzirundika, ukaja kuripoti marundo ambayo hayakuwa kwenye chupa. Unyevu wa pwani hauna huruma, hasa wakati wa masika, kwa hiyo hifadhi gridi kwenye kisanduku chake ndani ya chombo chenye silika. Unyevu ukiingia nayo kwenye mashine, unaharibu ombwe.

Mbele ya mashine, anza na ukuzaji mdogo. Tazama gridi nzima, chagua miraba (vijidirisha vya gridi) ya sehemu mbalimbali kabla hujajua ipi ina picha ya kupendeza, kisha piga picha zote kwa ukuzaji ule ule. Hapa ndipo mkono wa mtu huharibu sayansi. Picha moja nzuri si ushahidi wa ukubwa wa chembe. Huonyesha chembe zilizomvutia mpigaji tu.

Hesabu chembe 300 hivi. Kwenye programu ya ImageJ, weka kwanza kipimo kwa kutumia mstari wa nanomita ulio kwenye picha. Mimi hutenga chembe zinazogusana kwa mkono, na zile zilizokatwa na ukingo wa picha huziacha. Toa wastani pamoja na mkengeuko wake, na chora mgawanyo wote. Wastani wa nanomita 20 unaweza kuficha makundi mawili, la 10 na la 30.

Kisha uliza: je, hii kweli ni fedha? Kipimo cha eksirei zinazotoka kwenye sampuli hutoa kilele cha fedha karibu na keV 3 (keV ni kizio cha nishati). Shaba ya karibu keV 8 ni ya gridi, na kaboni ni ya utando. Usiziandike kama sehemu ya sampuli. Ukiona klorini karibu na keV 2.6, rudi kwenye swali langu la maji. Mistari ya safu za atomi inayoonekana kwa ukuzaji mkubwa, yenye nafasi ya nanomita 0.236 kati yake, huafikiana na fedha, lakini dhahabu ina 0.235, hivyo usitegemee mistari peke yake.

Ukilinganisha na kipimo cha mwanga unaotawanywa kwenye maji, kile kitatoa namba kubwa zaidi, kwa kuwa hupima chembe pamoja na koti lake la maji na utomvu. Ripoti namba zote mbili, kila moja na njia yake, na idadi ya chembe ulizohesabu. Kisha hifadhi picha asilia ambazo hazijaguswa, zikiwa na jina la sampuli, tarehe na volti iliyotumika.